Chakula cha mbwa na chakula cha paka: shajara ya mradi wetu wa Bukavu

Kabla ya kuanza

Mradi huu wa Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, ulizaliwa na swali ambalo tuliulizwa mara nyingi na ambalo hatukuwa na jibu lake la kuridhisha: mbwa wa kulinda parseli (kiwanja chenye nyumba) alishwe nini, na paka wa kufukuza panya alishwe nini, ikiwa kroketi (punje kavu za chakula cha wanyama) zinazoletwa kutoka nje huuzwa kwa dola na bei ya mfuko mmoja ingetosha kununua unga wa nyumba nzima? Sisi ni watu watatu: mimi ni fundi wa mifugo, mwenzangu wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye mwandiko wake unasomeka kuliko wangu, na wa pili ni kijana anayepima mizigo sokoni, ambaye mizani yake ndiyo tuliyoiazima. Tulijipa majuma 12. Lengo lilikuwa karatasi moja, iliyoandikwa upande mmoja, ambayo mama wa nyumba angeweza kuibandika kwenye ukuta wa jiko. Maneno hayo "karatasi moja" nayaacha hapa kama yalivyoandikwa siku ile, kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Juma la kwanza

Tumeandikisha parseli 14, yaani 9 za mtaa wa Kadutu na 5 za mtaa wa Panzi, zenye mbwa 17 na paka 9. Kupima uzito kumechukua siku mbili, kwa kuwa mbwa wa ulinzi hapendi kuinuliwa na mgeni. Njia iliyofaa ni ile ya zamani: mwenye mbwa anapanda mizani mikono mitupu, kisha anapanda tena akiwa amembeba, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa mnyama. Paka tuliwatia ndani ya kikapu chenye kifuniko, na alama za kucha bado ziko mikononi mwa mwalimu.

Mizani peke yake haitoshi, kwani kilo 14 zinaweza kuwa nyingi kwa mbwa mmoja na chache kwa mwingine. Kwa hiyo tumetumia pia vidole. Mbavu zinapaswa kuhisika kwa urahisi chini ya utando mwembamba wa nyama na mafuta, bila kuonekana kwa mtu aliyesimama mbali, na mnyama akitazamwa kutoka juu, kiuno kiwe kimeingia kidogo nyuma ya mbavu. Mbwa 11 walikuwa wakihesabika mbavu kutoka mlangoni. Mmoja tu alikuwa mnene, naye ni wa mama anayeuza mikate. Wanyama wote tumewapa dawa ya minyoo siku hiyo hiyo.

Tulipouliza mbwa anakula nini, karibu kila parseli ilijibu jambo lile lile: "Anakulaka vile tunakulaka." Tukiuliza kuhusu paka, jibu lilikuwa fupi zaidi: "Panya ziko mingi." Ilitubidi kukaa jikoni jioni tatu mfululizo ndipo tukaelewa kwamba jibu la kwanza, ingawa limetolewa kwa moyo mweupe, si sahihi. Mbwa hali kile ambacho familia inakula. Anakula kile ambacho familia inakiacha. Samaki habaki, maharage hayabaki, na nyama, siku inapopatikana, haibaki hata harufu. Kinachobaki ni bugali na mchuzi ulioshikamana na chungu. Kwa hiyo mbwa wengi wa orodha yetu wanaishi kwa bugali ya muhogo iliyopakwa mchuzi, na unga wa muhogo una protini gramu 1 hadi 2 tu katika gramu 100, ilhali unga wa mahindi una 8 au 9.

Juma la pili

Juma la hesabu. Tumetumia kanuni nyepesi ambayo hata mtu asiye na kikokotoo anaweza kuifuata: chukua uzito wa mnyama kwa kilo, zidisha kwa 30, kisha ongeza 70, na utapata kilokalori anazohitaji kwa siku akiwa amelala tu. Kanuni hii inafaa kwa wanyama wa kilo 2 hadi 45. Mbwa mzima anayetembea parselini na kubweka usiku anahitaji takriban mara 1.6 ya kiasi hicho. Mbwa wa kilo 15 basi anapata 520, ambazo zikizidishwa zinafika karibu 830.

Kutokana na hesabu hiyo tukatunga mlo wa kwanza wa mbwa wa kilo 15 kwa siku nzima: unga wa mahindi gramu 130 uliopikwa bugali laini, ndagala (dagaa) wakavu gramu 60 waliooshwa mchanga na kuchemshwa, kijiko kimoja cha supu cha mawese, na konzi ya lengalenga (mchicha) iliyochemka. Jumla yake inafika karibu kilokalori 800, na protini inapita gramu 45, ambacho ni kiasi kizuri. Ndagala wana faida nyingine ambayo huwa haitajwi: huliwa wazima pamoja na miiba yao, kwa hiyo kalsiamu inakuja ndani ya chakula chenyewe bila kutafutwa.

Mwalimu aliiandika karatasi kwa mwandiko mzuri, na chini yake, kwa kuwa nafasi ilibaki, nikamwambia aongeze sentensi moja: "Kwa paka, toa robo ya kipimo hiki." Tukatoa nakala 20 na kuzigawa Alhamisi.

Ijumaa tulipata hukumu ya kwanza. Mama mmoja wa Kadutu, mwenye watoto watano na mbwa mmoja mwekundu, aliisoma karatasi yote mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. "Daktari," akasema, "batoto banakosa ndagala, njo mbwa atapata?" Mimi si daktari, lakini hapo halikuwa suala la cheo. Nilimwambia, "Mama, uko na haki," na kweli alikuwa nayo. Mlo unaomtaka mtu achague kati ya mtoto na mbwa hauna maana, hata kama hesabu yake ni safi.

Juma la tatu

Tumezunguka sokoni na machinjioni kutafuta protini ambayo watu hawaigombanii. Mapafu ya ng'ombe ni ya bei nafuu kwa sababu wengi hawayapendi, na gramu 100 za mapafu mabichi zina protini zipatazo 16. Vichwa vya samaki wakubwa hupatikana jioni, wakati wauzaji wanafunga meza. Maharage yanafaa pia, kwa kuwa yana protini gramu 22 hivi katika gramu 100 za makavu, na yanakubaliana na mahindi: kile ambacho protini ya mahindi imepungukiwa, maharage wanacho, na kinyume chake. Lakini yapikwe mpaka yapondeke kati ya vidole viwili. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambapo maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, na kila anayenunua makala (mkaa) anajua maharage ya hapa yanakula moto kiasi gani. Ushauri wetu ni kwamba maharage ya mbwa yasipikwe peke yake, bali yachotwe kutoka chungu cha familia kabla ya kutiwa viungo.

Mapafu yana upungufu mmoja, nao ni wa nyama zote zisizo na mfupa: fosforasi ni nyingi na kalsiamu ni kidogo mno. Mbwa, hasa mtoto wa mbwa anayekua, anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na ikiwezekana izidi kidogo, ila isifike zaidi ya mara mbili. Akilishwa nyama tupu, mwili wake huikopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na miguu inapinda au kuvunjika kwa kuruka tu ngazi. Dawa yake iko kwa wauza mayai ya kuchemsha wa barabarani, ambao hutupa maganda kila jioni. Maganda yaoshwe, yakaushwe juani, yasagwe mpaka yawe kama unga. Nusu kijiko cha chai kina kalsiamu ipatayo gramu 1, nayo inamtosha mbwa wetu wa kilo 15 kwa siku.

Kuhusu bugali yenyewe, kuna watu walituambia kwamba mbwa ni mnyama wa nyama na kwamba kumlisha unga ni kumtesa. Sikubaliani nao. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha chembe za urithi za mbwa na za mbwa mwitu, wakakuta kwamba mbwa wengi wamebeba nakala nyingi za jini inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga kwenye kongosho, ambapo mbwa mwitu ana mbili tu. Yaani mbwa amekaa kando ya chungu cha binadamu muda mrefu kiasi cha mwili wake kujifunza kula kinachotoka humo. Tatizo la mbwa wa Kadutu si bugali, bali ni bugali iliyo peke yake.

Muhogo tunauruhusu, kwa sharti kwamba ni ule ulioloweka siku kadhaa na kukaushwa sawasawa kabla ya kusagwa. Muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka hubaki na sumu ya sianidi; hapa nchini mwetu ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watu, uliandikwa na madaktari tangu 1938, na hakuna sababu ya kudhani kwamba tumbo la mbwa lina kinga ambayo la kwetu halina. Kwa hiyo maganda mabichi ya muhogo asitupiwe, wala sombe (majani ya muhogo) ambayo haijaiva.

Juma la nne

Juma hili limetufedhehesha kidogo, na kwa sababu hiyo nitaliandika kwa urefu.

Tulirudi kwenye parseli zenye paka kuuliza kama robo ya kipimo inaliwa. Katika parseli 9, paka 6 hawakuigusa kabisa. Mmoja alikuwa akilamba mawese na kuacha bugali. Wawili waliokuwa wakila ni wale wenye njaa zaidi. Nilikuwa tayari kuandika kwamba paka ni wagumu wa kulishwa, ndipo daktari mmoja mzee wa mifugo, ambaye tulimpelekea karatasi ili aipitie, akachukua kalamu na kukata mstari ule wa mwisho mara mbili. Kisha akatuketisha kwenye benchi lake na kutueleza kwa nini, akianza na chupa ya mawese iliyokuwa mezani.

Rangi nyekundu ya mawese, alisema, ni chimbuko la vitamini A: mwili wa mtu unaigeuza kuwa vitamini, na mwili wa mbwa vilevile. Mwili wa paka hauwezi. Paka anaweza kunywa mawese kila siku na bado akakosa vitamini A, kwa sababu yeye anaihitaji ikiwa imekwisha kutengenezwa ndani ya mnyama mwingine, hasa kwenye ini. Hivyo ndivyo alivyo kwa mambo mengi. Mbwa anajitengenezea taurini, kirutubisho kinachohitajika na macho na moyo, kutokana na protini anayokula. Paka hutengeneza kidogo mno, na isipokuwemo ndani ya chakula anapungukiwa. Maharage hayana taurini, mahindi hayana. Mwaka 1975 ilionyeshwa kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika retina na kupofuka polepole, na mwaka 1987, huko Marekani, ilionekana kwamba upungufu huo huo hutanua moyo wake mpaka ushindwe kusukuma damu, na kwamba paka wengi waliorudishiwa taurini walipona. Walikuwa wakila chakula cha viwandani, kilichoandikwa kwamba kimekamilika.

Jambo linalotisha ni kwamba upungufu huo huchukua miezi kabla ya kuonekana. Paka wetu wawili waliokuwa wakila robo ya mlo wa mbwa walikuwa wakinenepa. Tungewapima juma la 12, tungeandika kwamba wameongezeka uzito, na tungejisifu.

Tumeenda nyumba kwa nyumba kukusanya nakala zote 20. Tumepata 18. Mbili zimekwisha kuwashia moto.

Juma la tano

Tumeanza upya upande wa paka, tukianzia kwenye lile jibu la "panya ziko mingi". Paka wa kilo 3, kwa kanuni yetu, anahitaji 160, na akizidishiwa 1.2 anafika karibu kilokalori 190 kwa siku. Kipanya mmoja wa ndani ya nyumba ana karibu 30. Ni kweli kwamba chakula hicho ni kamili kwa paka kuliko chochote tutakachompikia, kwani kina mifupa, ini, taurini na kila kitu; lakini atahitaji wapatao sita kila siku, na parseli yenye wingi huo wa panya ina shida kubwa kuliko ya paka. Zaidi ya hapo, panya wengi wa mjini wamekula sumu inayouzwa vifurushini sokoni, na paka anayewala huila pamoja nao. Paka mwenye njaa si mwindaji bora. Aliyeshiba kiasi huendelea kuwinda vilevile.

Protini nzuri ya paka iliyo karibu nasi ni sambaza. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon, si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kulifikiria ziwa bila yeye. Watu wa mwambao wana desturi ya kumrushia paka sambaza wabichi wachache pale pale wanapoteremshwa kutoka mtumbwini, na siku moja moja haina neno. Kumlisha wabichi kila siku ni jambo jingine. Samaki kadhaa wa ukoo wa sambaza wana kimeng'enya kinachoitwa thiaminasi, ambacho huivunja vitamini B1 kabla mwili haujaipata. Paka aliyepungukiwa na vitamini hiyo hukataa chakula kwanza, kisha kichwa kinainamia kifuani kana kwamba shingo imekosa mfupa, anayumba akitembea, na mwisho hushikwa na degedege. Moto unakiharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo sambaza wachemshwe.

Lakini tukisema wachemshwe tunafungua mlango mwingine, na hapa ndipo yule mzee alipotufundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria miaka yote ya kazi yangu. Taurini huyeyuka katika maji. Ukiwachemsha sambaza kwa maji mengi na kuyamwaga, unamwaga sehemu kubwa ya kile ulichowanunulia. Kwa hiyo maji yawe machache, yafunike samaki tu, yachemke dakika chache, na supu yote imiminwe kwenye sahani ya paka pamoja na samaki, bila chumvi. Faida ya pili ni kwamba paka, ambaye kiu yake ni ndogo, anapata maji bila kujua kwamba ameyanywa.

Kwa paka wa kilo 3 tumependekeza sambaza wabichi wapatao gramu 120, uzito wa kabla ya kupikwa, pamoja na kile atakachowinda. Siku mbili au tatu katika juma sambaza wabadilishwe kwa mapafu au vipande vya moyo wa ng'ombe, kwa kuwa moyo una taurini nyingi, na kwa kuwa paka wa samaki watupu, hasa wenye mafuta, anaweza kukosa vitamini E na kuumwa mafuta ya chini ya ngozi. Siku ya mapafu iwe na chembe ya unga wa maganda ya mayai. Bugali kidogo iliyopondwa ndani ya supu haimdhuru, ila isiwe ndiyo chakula.

Juma la sita

Ini lilituletea mjadala. Kwa kuwa paka anahitaji vitamini A iliyo tayari, mwenye parseli mmoja wa Panzi aliamua kumpa maini kila siku, akiamini kwamba anafanya wema maradufu. Vitamini A haitoki mwilini kwa urahisi. Paka anayekula maini kila siku kwa miezi huota mifupa ya ziada shingoni mpaka ashindwe kugeuza kichwa kujilamba mgongo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja kwa juma, kinatosha.

Suala la machinjioni ni zito zaidi. Wapo wanaookota mapafu na maini yaliyotupwa na mkaguzi kwa sababu yana uvimbe uliojaa maji, wakasema ya mbwa hayana shida. Ndani ya uvimbe huo mna mabuu ya tegu mdogo ambaye mbwa akimla humkuza tumboni mwake, kisha mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na humfikia mtoto anayemkumbatia mbwa. Kwa binadamu uvimbe huo huo huota kwenye ini au kwenye mapafu. Kilichotupwa na mkaguzi kisiokotwe. Kilichonunuliwa kichemshwe vipande vidogo mpaka kisibaki chenye rangi ya damu ndani.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Hilo watu walikuwa wakilijua kabla hatujafika.

Juma la saba

Vitunguu. Mchuzi wa Bukavu huanza na kitunguu kwenye mafuta, na mbwa wetu wameishi kwa mchuzi. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, pamoja na kitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa madhara huonekana akila gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa paka gramu 5 tu kwa kilo zinatosha. Mbwa wa kilo 15 angehitaji gramu 225 za vitunguu au zaidi kwa mkupuo, jambo ambalo mabaki ya sahani hayawezi kumletea, kwa hiyo hatukutaka kuwatisha watu. Paka wa kilo 3 anafika hapo kwa gramu 15, ambazo ni vipande vichache vya mchuzi. Hapa tena tumeona kwamba neno lile lile haliwezi kuandikwa kwa wanyama wote wawili.

Shauri letu halihitaji pesa: kabla kitunguu hakijaingia chunguni, chota kwanza sehemu ya mnyama. Mama wa mbwa mwekundu, yule yule wa juma la pili, ndiye aliyetuonyesha kwamba kibakuli kikiwekwa karibu na mafiga tangu mwanzo, mkono hausahau.

Juma la nane

Tumepoteza mbwa mmoja. Katika parseli ya Kadutu gunia la mahindi lilikuwa limeingia maji ya mvua, punje zikaota ukungu wa kijani, na familia ikaona ni hasara kulitupa lote; sehemu mbaya ikasagwa kwa ajili ya mbwa. Siku ya tano akakataa chakula, akatapika, fizi na weupe wa macho vikageuka manjano, na siku ya nane akafa. Hatuna maabara ya kuthibitisha, kwa hiyo ninaandika tulichokiona tu. Ila dalili hizo ndizo za ini lililoharibiwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kupika hakuiondoi, kukausha tena hakuiondoi, na kusaga kunaificha tu machoni.

Baba wa parseli ile aliniuliza kama alimuua mbwa wake mwenyewe. Nilimwambia, "Muzee, hukujua," na nikaona aibu, kwa kuwa karatasi yetu ya kwanza ilitaja unga wa mahindi bila kusema uwe wa namna gani.

Juma la tisa

Mbwa jike wa Panzi amezaa watoto sita. Mama anayenyonyesha idadi hiyo anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake au zaidi ifikapo juma la tatu au la nne, na njia pekee ni kumlisha mara nyingi kwa siku. Watoto wataanzishiwa uji wa mahindi wenye ndagala waliosagwa wakifika majuma manne. Maziwa ya ng'ombe yasiwe mengi, kwani yanaharisha.

Juma la kumi

Mvua. Hatukutembelea parseli yoyote.

Juma la kumi na moja

Tumepima tena. Mbwa mmoja alikufa na mwingine amehamia Uvira na wenyewe, kwa hiyo wamebaki 15. Kati ya wale waliokuwa wakonde, 7 wameongezeka na mbavu zao hazionekani tena kutoka mlangoni. 2 wako palepale. Siwezi kudai kwamba ni chakula peke yake, maana tulitoa dawa ya minyoo juma la kwanza, na mbwa aliyeondolewa minyoo hunenepa hata kwa bugali ile ile. Tungetaka kujua tofauti tungepaswa kuwaacha wengine bila dawa, na hilo hatukuliona kuwa la haki.

Mbwa wa mama wa mikate ameshuka kutoka kilo 22 hadi 20. Tulimhesabia chakula cha uzito anaopaswa kuwa nao, yaani kilo 16, na mama akakubali kuacha kumpa mikate iliyoungua. Watoto wake hawakukubali, lakini kilo 2 ni kilo 2.

Paka 8 kati ya 9 wanakula chakula chao kipya. Wa tisa anakula kwa jirani.

Juma la kumi na mbili

Karatasi sasa ni mbili. Ya mbwa mwalimu ameiandika kwa wino mweusi, ya paka kwa wino wa bluu, ili hata asiyesoma asizichanganye, na hakuna sentensi hata moja iliyonakiliwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kuhesabiwa upya. Ya mbwa imekamilika. Ya paka ilikuwa imekamilika mpaka Jumanne, tulipogundua kwamba sambaza wamepotea sokoni.

Wavuvi wa Kivu huvua usiku kwa taa, na sambaza huifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina nguvu, na kwa siku kadhaa mitumbwi inabaki ufukweni au inarudi na kidogo ambacho bei yake haishikiki. Watu hufidia kwa maharage, na mbwa hufidia pamoja nao. Paka hana pa kukimbilia, na paka asiyekula chochote kwa siku mbili au tatu, hasa aliyenenepa, ini lake huanza kujaa mafuta. Tumeongeza basi mstari mmoja: nyumba ianike konzi ya sambaza juani katika siku za giza, iwaweke mahali pakavu penye kifuniko, na iwachemshe kwa maji machache zitakapofika siku za mbalamwezi, supu yote ikitolewa kama kawaida. Mama wa mbwa mwekundu, ambaye sasa amechukua pia paka, amekwisha kutandika mkeka juu ya paa. Kijana wa mizani atapita kwake na kwa wengine wote Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kupungua, kupima ni sambaza wangapi waliokauka na ni wangapi waliokwisha kuliwa na wenye nyumba.